Sandpiper ni kitwitwi wetu: jifunze majina ya ndege kwa masikio

Mdogo wangu unayejiandaa kuongoza wageni hapa Kigoma, kama unakesha na daftari ukikariri majina ya ndege kwa Kiingereza, liweke kando kwanza. Mimi nilikariri miezi mitatu. Siku moja tukiwa mwaloni Kibirizi, tunasubiri boti ya kwenda Gombe, mgeni akanionyesha ndege mdogo aliyetua ukingoni mwa mtumbwi. Nikajibu papo hapo: "sandpiper". Nilipatia. Akaniuliza, kwa nini anaitwa hivyo? Nikakosa la kusema, na iliniuma, maana ndege yule nimekua nikimwona.

Jioni nikalichambua neno lenyewe. "Sand" ni mchanga, hilo ni jepesi. "Piper" ndilo lililonitesa, kwa kuwa "pipe" niliyoizoea ni bomba la maji. Kumbe "pipe" ni filimbi pia, au zumari, na "piper" ni mpulizaji wake. Basi sandpiper ni mpiga filimbi wa mchangani.

Kesho yake niliwahi mwaloni kabla akina mama hawajaanza kuanika dagaa, nikakaa kimya. Akaja mmoja, akatua juu ya jiwe. Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, na weupe huo unapanda kidogo mbele ya bawa. Mkia haukutulia hata kidogo: juu, chini, juu, chini. Kijana mmoja alipopita na ndoo, ndege akaruka karibu kabisa na maji, mabawa yakipiga mapigo mafupi ya kutetemeka, huku akilia twii-wii-wii, twii-wii-wii. Filimbi hiyo! Nikakumbuka jina tulilonalo siku zote: kitwitwi. Litamke haraka mara tatu, utamsikia mwenyewe akiruka.

Tangu siku hiyo naanza na Kiswahili, au na lugha ya nyumbani kwa mtu, ndipo nauliza Waingereza wao walisikia au waliona nini. Na wazee wa mwaloni waamkie, uwaulize. Wana majina ambayo hayamo katika kitabu chochote cha ndege.

Ila usiliamini jina moja kwa moja. Huyu wa kwetu anaitwa "Common Sandpiper", lakini ziwani Tanganyika utamkuta zaidi kwenye mawe na mitumbwi kuliko mchangani. Na hiyo "common" haina dharau ndani yake. Maana yake anaonekana sehemu nyingi. Huzaliana Ulaya na Asia, na wengi tunakuwa nao hapa kuanzia Agosti hadi Aprili. Jina lake la kisayansi, Actitis hypoleucos, limetoka kwenye Kigiriki: mkaa ufukweni, mweupe upande wa chini. Mimi naona hilo limemweleza vizuri kuliko la Kiingereza.

Majina mengine nayo yana hadithi zake. "Plover" limetokana na neno la Kilatini la mvua. "Snipe" ni ndege wa matopeni, mgumu sana kumlenga. Askari wa Kiingereza waliokuwa India karne ya 18 walimwinda kwa bunduki, na huko ndiko lilikotoka neno "sniper", mdunguaji. Sisi tuna sululu, chombo cha kuchimbia, na ndilo jina la ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda. Mgeni ukimwambia hilo na kumchorea mdomo kwa kidole mchangani, hatalisahau.

Jambo moja la kazini: Mwingereza atawaita ndege hawa wote "waders", yaani watembea majini. Mmarekani atasema "shorebirds", na neno "wader" kwake huwa ni korongo au yangeyange. Muulize kwanza anamaanisha yupi, kabla hujageuza boti.

Ukipata safari ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ile iliyoingia mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mtafute "greenshank". Usifungue kitabu. "Green" unaijua, "shank" ni muundi. Tazama miguu.