Nchi ndogo ikitishwa na jirani, msaada hufikaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Mbuyuni, Moshi, tunabishana. Nchi ndogo ikitishwa na jirani mwenye nguvu, kwa nini mara msaada huwahi, mara huchelewa?

JIBU: Ndugu msomaji, tazameni Kuwait, iliyoyaona yote mawili.

Ilipata uhuru 19 Juni 1961. Siku sita baadaye Iraq ikadai ni sehemu yake. Bahati njema, Amiri, mtawala wa Kuwait, alikwisha badilishana barua na Uingereza, iliyoahidi msaada ikiombwa. Akaomba, na 1 Julai askari wakatua. Ombi hilo si karatasi tu: bila ridhaa ya mwenye nchi, jeshi la kigeni nalo ni mvamizi. Baadaye askari wa nchi za Kiarabu wakashika zamu.

Mwaka 1990 ahadi ile haikuwapo tena. Iraq iliingia 2 Agosti. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani siku ileile, likaweka vikwazo tarehe 6, lakini ruhusa ya kutumia nguvu ikatoka 29 Novemba, na ukombozi ukaja Februari 1991. Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa huruhusu kusaidiwa kujilinda bila kusubiri kura. Tatizo ni mzigo: vifaru husafiri kwa meli, wiki kadhaa, na huhitaji bandari ya jirani mwingine. Hapo Saudi Arabia ndiyo iliyofungua mlango.

Jirani mwenyewe akiwa na kura ya turufu, yaani ya kuzuia uamuzi wa Baraza, kama Urusi, Baraza halimgusi. Georgia, mwaka 2008, ilipigana na Urusi siku tano tu. Meli gani ingewahi?