Soma Kabla ya Kushuhudia: Kwa Ndugu na Dada Waliobatizwa Juzi

Nywele hazijakauka maji ya ubatizo, mshauri wa askofu anakujia: "Dada, Jumapili ijayo utatuhutubia dakika kumi." Usishtuke. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hakuna mhubiri wa kuajiriwa. Askofu, yaani kiongozi wa kusanyiko lenu, ni fundi, mhasibu au mwalimu wa shule asiyelipwa senti kwa wito wake, na anayekufundisha leo huenda alibatizwa mwaka jana tu. Nimefundisha Shule ya Jumapili hapa Nairobi miaka mingi, na ninachowasihi wageni kwanza ni hiki: anza kusoma mwenyewe tangu wiki ya kwanza. Hapa hakuna aliyewekwa kusoma kwa niaba yako.

Tangu Januari 2019 mikutano ya Jumapili ilipunguzwa kutoka muda wa saa tatu hadi muda wa saa mbili, ili sehemu kubwa ya mafunzo ifanyike nyumbani kwa kufuata Njoo, Unifuate, kitabu cha mwongozo wa kusoma maandiko kila wiki. Ratiba yake huzunguka kwa miaka minne: 2024 tulisoma Kitabu cha Mormoni, 2025 Mafundisho na Maagano, 2026 ni Agano la Kale, kisha Agano Jipya. Wengi hungoja Jumamosi usiku, wakapitisha macho tu. Mimi nakushauri Jumatatu usome sura zote za wiki kwa mkupuo mmoja bila kupiga mstari popote, upate mtiririko wake wote. Siku zinazobaki chagua sura moja, uisome polepole ukiwa na daftari. Andika maswali yako, hata yale yanayokutia haya. Nyumba yenye watoto wadogo, aya tano kabla ya chakula cha usiku zinatosha.

Ukifika kwenye Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, usiruke maelezo mafupi yaliyo juu ya kila sehemu. Yanakuambia ufunuo ulitolewa lini, wapi na kwa sababu gani. Sehemu ya 89, yaani Neno la Hekima, sheria yetu ya afya, ilitolewa Februari 1833 huko Kirtland, Ohio, ambapo wanaume wa Shule ya Manabii, darasa la viongozi wa Kanisa, walikusanyika katika chumba cha juu cha duka la Newel Whitney. Kwa alivyosimulia baadaye Brigham Young, rais wa pili wa Kanisa, chumba kilijaa moshi wa kiko, sakafu ikachafuka kwa mate ya tumbaku, na Emma, mke wa Joseph Smith aliyelianzisha Kanisa, ndiye aliyelazimika kusafisha. Ukiyajua hayo, sehemu hiyo unaisoma kwa macho mengine. (Kuhusu chai: majani ya chai na kahawa tunaviacha, tangawizi na mchaichai havina neno. Mwambie mama mkwe mapema, kabla hajakuwekea kikombe mbele ya wageni.)

Utasikia watu wakisema mwenye imani hahitaji kuuliza sana. Usiwasikilize. Sehemu ya 88 inatuamuru tutafute elimu kwa kujifunza na pia kwa imani, yote mawili. Joseph Smith, ambaye shule aliipata kidogo sana, alikaa darasani Kirtland mapema mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka 30, akifundishwa Kiebrania na Joshua Seixas. Na Kanisa lenyewe lilianza na swali lake alipokuwa kijana, aliposoma Yakobo 1:5: "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei, naye atapewa." Shika neno hilo, hakemei.

Swali moja litakufikia mapema, pengine kwa simu kutoka kwa binamu yako: "Kanisa lenu si ndilo lililowanyima watu weusi ukuhani?" Ni kweli. Brigham Young alilitangaza katazo hilo mwaka 1852, na lilidumu hadi Juni 1978. Lilikuwa limewazuia pia kupokea baraka za hekaluni. Usikubali jibu la haraka, liwe la kutetea au la kushambulia. Jua kwamba Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa katika ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Jua habari za Jane Manning James, aliyeomba mara kwa mara ruhusa ya kupokea baraka za hekaluni, akafariki mwaka 1908 bila kupewa alichoomba. Mwaka 1973 daktari Lester Bush, muumini, alichapisha uchunguzi mrefu ulioonyesha kwamba hakuna ushahidi wa katazo hilo kuanza kwa Joseph Smith. Rais Spencer W. Kimball naye aliwaomba baadhi ya mitume wamwandikie maoni yao, akachunguza, akaomba peke yake hekaluni siku nyingi kabla ya ufunuo wa 1978 ulioliondoa katazo hilo. Miezi miwili baada ya tangazo, Mtume Bruce McConkie aliwaambia walimu wa Kanisa wasahau yote aliyoyasema yeye na viongozi waliotangulia yanayopingana na ufunuo huo. Na mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo yanayokana kabisa nadharia kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana.

Mimi ni Mwafrika, na habari hizi zinaniuma kila nikizifundisha. Nazifundisha hata hivyo. Kisha nawaeleza wanafunzi habari za Joseph William Billy Johnson wa Ghana, aliyepata Kitabu cha Mormoni mwaka 1964, akaanza kuhubiri bila kutumwa na mtu, akangoja miaka 14 kabla ya kubatizwa. Kitabu alikisoma mwenyewe.

Jumapili ya kufunga, watu wakisimama mmoja mmoja kushuhudia, usione aibu ikiwa huwezi kusema "najua." Sehemu ya 46 inasema wengine wamepewa kujua, na wengine kuamini maneno ya hao. Sema unachokiamini na unachokitumaini, kisha kaa. Naye Alma, nabii katika Kitabu cha Mormoni, kwenye Alma sura ya 32, anawaomba maskini waliofukuzwa masinagogi walijaribu neno na kuangalia kama linakua. Hawadai wawe na uhakika siku hiyo.

Siku ukipewa darasa lako mwenyewe, andaa maswali mawili mazuri kuliko kurasa nyingi za maelezo. Acha ukimya uwepo. Wenye jibu la maana huchelewa kuinua mkono. Kijana akiuliza jambo usilolijua, usimnyamazishe kwa ushuhuda wako. Mwambie utalitafuta, andika swali lake ubaoni mbele ya wote, na Jumapili inayofuata uanze nalo.