Barua ya kuomba nyongeza ya mshahara: ghafi au mkononi?

SWALI: Shikamoo mama. Ni mtunza stoo kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere, huu mwaka wa tatu. Mshahara wangu ni 800,000. Machi mwenzangu wa kufuatilia mizigo bandarini aliacha kazi, nami nikabebeshwa kazi yake bila senti ya ziada. Nilipomgusia bosi alisema, "Niandikie." Nataka walau laki na nusu zaidi, maana kodi ya nyumba imepanda na mtoto kaanza shule. Niandikeje? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Usidhani bosi amekukwepa. Mara nyingi anataka karatasi ya kumpelekea mhasibu au mkurugenzi, kwa hiyo iandike barua hiyo kwa ajili ya mtu asiyekujua kabisa.

Kodi ya nyumba na ada ziache Tabata. Nimeshika mafaili ya wafanyakazi miaka mingi, na barua za "hali ya maisha" ndizo zilizokuwa zikilala kwenye trei. Maisha yamepanda kwa wote. Akikuongezea wewe kwa sababu hiyo, kesho ghala zima liko mlangoni kwake. Wewe hoja unayo nzito zaidi: unafanya kazi za watu wawili.

Kabla ya kuandika, tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojipunja. Hiyo laki na nusu ni ghafi, yaani kabla ya makato, au ya mkononi? Nachukulia kwamba 800,000 ni ghafi na huna makato ya bodi ya mikopo. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya TRA kwenye 720,000 inayobaki ni 60,000. Unaondoka na 660,000. Ukipandishwa hadi 950,000, NSSF ni 95,000 na kodi 91,750, kwa hiyo mkononi ni 763,250. Laki na nusu yako imekuwa 103,250! Ili iongezeke 150,000 kamili mfukoni, ghafi lazima ifike kama 1,020,000.

Basi omba hiyo 1,020,000. Usiandike "kati ya 950,000 na 1,020,000", maana mwajiri atasoma namba ya kwanza na kufunga faili. Hiyo 950,000 iwe kichwani mwako tu, ya kushukia mkikaa mezani.

"Husika na kichwa cha habari hapo juu" iweke ukipenda, ofisi zetu tumeizoea. Ila sentensi inayofuata ianze kazi mara moja:

"Tangu tarehe 3 Machi, pamoja na kazi ya stoo, nimekuwa nikifuatilia utoaji wa mizigo bandarini. Hadi mwisho wa Agosti nimetoa makontena 41, na hakuna lililotozwa storeji, yaani ada ya kukaa bandarini kupita muda. Naomba mshahara wangu wa msingi upande kutoka Sh 800,000 hadi Sh 1,020,000 kwa mwezi kuanzia Oktoba."

Tarehe na idadi ya makontena ni za mfano. Weka zako kutoka kwenye daftari, zile ambazo mhasibu akizifuatilia atazikuta. Usimwandikie kwamba wewe ni nafuu kuliko kuajiri mtu mwingine. Hiyo hesabu ataipiga mwenyewe, akijumlisha na asilimia 10 ya NSSF anayokuchangia. Na vitisho vya kuacha kazi usiviweke kama hujapata pa kwenda.

Angalia pia neno "wa msingi". Huenda akakuambia, "Nikupe posho ya nauli." Si vibaya, lakini malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo posho inakusaidia leo tu.

Toa nakala mbili. Moja isainiwe na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, ubaki nayo. Wiki mbili zikipita kimya, kaulizie kwa adabu. Akikubali kwa mdomo, omba barua: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akuarifu kwa maandishi masharti ya ajira yako yanapobadilika. Oktoba ikiisha, kwenye salari slipu usitazame jumla ya chini. Tazama mstari wa mshahara wa msingi.