Bustani Wakati wa Ukame: Miti Kwanza, Ukoka Baadaye

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mjumbe wa kamati inayotunza bustani ya wazi katika kata yetu, ambako watoto hucheza na wazee hupumzika jioni. Tangu kiangazi kiwe kikali na maji ya bomba yaanze kuja kwa mgao, kamati imegawanyika. Wapo wanaosema ziwa liko mbele ya macho yetu, hivyo hakuna haja ya kubana maji. Wengine wanataka bomba la bustani lifungwe kabisa hadi mvua za vuli. Tufuate lipi? Je, tunaweza kuweka pampu yetu wenyewe ufukweni? – Msomaji, Ilemela, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maoni yetu pande zote mbili zinakosea, ingawa kila upande una hoja. Maji yanayofika kwenye bomba lenu hutoka ziwani, lakini kabla ya kufika husafishwa kwa dawa, kisha husukumwa kwa umeme hadi kwenye matangi yaliyo juu ya vilima vya mji. Wakati wa mgao, kinachopungua ni maji hayo yaliyosafishwa, na kila lita inayomwagwa kwenye majani ni lita ambayo kaya ya mlimani haikuipata.

Hata hivyo, kufunga bomba kabisa kutawagharimu miti. Fanyeni hesabu hii: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kulowesha uwanja wa mita za mraba 1,000 kwa kina cha milimita 10 kunahitaji lita 10,000, yaani ndoo 500 za lita 20, na baada ya siku chache za jua mtatakiwa kurudia. Ukoka hauhitaji gharama hiyo. Ukikosa maji hukauka juu na kuwa wa kahawia, lakini vikonyo vyake vya chini hubaki hai na kuchipua mvua inaponyesha. Mti mchanga uliokufa haurudi, na kivuli chake mtakisubiri miaka mingine mingi. Acheni ukoka ukauke, na maji machache mliyonayo yapeni miti, hasa ile iliyopandwa miaka miwili iliyopita au karibuni zaidi.

Kila mti mchanga uzungushieni tuta dogo la udongo ili maji yasitiririke, mwagieni polepole alfajiri au jioni, kisha tandazeni majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 bila kuyagusisha na shina. Ni heri kumwagilia mara chache kwa wingi kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwa sababu maji yanayobaki juu huvukizwa na jua na kuifanya mizizi ibaki juu. Ukoka nao msiufyeke mfupi mno. Jambo moja tunalisisitiza kwa sababu ya watoto wenu: ukoka uliokauka huvumilia kiu, lakini ukikanyagwa kila siku mahali pamoja hufa. Hamisheni michezo kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Chunguzeni pia uvujaji. Someni dira ya maji jioni baada ya kufunga kila bomba, muisome tena alfajiri kabla hakujatumika maji. Ikiwa imesogea, fundi aanze na matangi ya vyoo.

Kuhusu pampu, msinunue kwanza. Kuchukua maji ziwani kwa mradi wa namna hiyo kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ofisi yake iko hapa Mwanza, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Isitoshe, mtunza bustani anayeingia kwenye maji ya kina kifupi kuchota kwa ndoo hujiweka katika hatari ya kichocho, ugonjwa uliozoeleka mno kandokando ya ziwa hili hata watu wakaacha kuuogopa.

Fedha ya pampu ingefaa zaidi kwenye kuvuna maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mabati ya paa. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 za mvua hutoa takribani lita 1,000, kasoro kiasi kidogo kinachopotea njiani. Kama bustani ina jengo la ofisi au vyoo, fungeni mifereji na tangi lenye mfuniko kabla ya Oktoba, vuli inapoanza.