Oili inavuja na kijiti kinajisukuma juu: anza na vali ya PCV

Ndugu, kama Toyota IST yako inavujisha oili hata baada ya kubadilishiwa sili, na kijiti cha kupimia kinajisukuma juu, usikubali injini ifunguliwe bado. Gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni inatakiwa inyonywe kupitia vali ya PCV (vali ndogo ya kutoa gesi ndani ya injini), kutoka tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, kwenda manifoldi ya kuingizia hewa. Vali ikiziba, presha inatafuta sili iliyo dhaifu.

Injini ikishapoa, chomoa mpira unaounganisha vali na manifoldi, fungua vali na uitikise. Nzima hulia kachakacha. Ipulize upande wa injini: hewa ipite kirahisi. Upande wa manifoldi ipite kwa taabu. Vinginevyo nunua mpya. Kuosha ya zamani mimi naona ni kujisumbua tu.

Kagua na mpira wenyewe, hasa kwenye kona, maana ukipasuka sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) hupanda na kushuka. Kuna mafundi huchomeka kipande cha mpira wa rejeta. Kataa, oili huulainisha ukajibana.

Sili zibadilishwe baada ya hapo. Kama gari linatoa pia moshi wa bluu na hauishi, mtafute fundi mwenye geji apime kompresheni (mgandamizo) ya kila silinda, ndipo mzungumzie ringi.