Muulize Mama Daktari: Nikihamia ofisini, mikono itasahau kisu?

SWALI: Shikamoo Mama Daktari. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya akina mama, nina miaka 39, niko Arusha. Chuo cha tiba ninakofundisha kinataka niwe naibu mkuu wa chuo, upande wa taaluma. Mume wangu anasema nikubali. Mwenzangu wa wodini anasema nitageuka karani, na baada ya miaka miwili nitaogopa kushika kisu. Wewe umepita huko. Ulijuta? Na wale maprofesa walionifundisha, nitaanzaje kuwaambia wamechelewesha matokeo?
Dkt. N., Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwaka wa kwanza nilijuta, hasa Jumatatu, siku ya vikao. Mama mkwe wangu kule Rombo aliposikia nimehamia ofisini, aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu nimeharibu hospitalini.

Ila ngoja nikusimulie habari ya patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Unaijua: mapigo ya mtoto kila nusu saa, upana wa njia kila baada ya saa nne. Miaka mingi nilikuwa nikiingia leba asubuhi nakuta karatasi zimejazwa vizuri mno. 140, 140, 140, kalamu moja, mwandiko mmoja. Zimejazwa mama ameshajifungua. Nawafokea wanafunzi, wanainamisha vichwa, kesho yale yale.

Nilipopewa unaibu nilikwenda kukaa nao zamu ya usiku. Wanafunzi tisa, akina mama sita, fetoskopu moja ya mbao, ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, iliyopasuka mdomo. Tena basi la chuo lilikuwa likiwazoa saa nne usiku, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumfuata mama mmoja tangu njia ifunguke sentimita nne hadi kumi. Nikiwa daktari tu, ningefanya nini? Basi si langu, ratiba si yangu. Nikiwa naibu mkuu, saa ya basi niliibadilisha kwa saini moja. Fetoskopu zilichukua miezi saba, maana mhasibu alitaka profoma tatu, yaani makadirio ya bei.

Baada ya hapo karatasi zikaanza kuwa chafu: 136, 148, 128, wino wa bluu, wino mweusi, alama ya kidole. Usiku mmoja ikaandikwa 96, mapigo yaliyoshuka mno, na binti wa mwaka wa nne akatoka mbio kumwamsha daktari wa zamu.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Bado ni wengi. Na mama wa Longido anayetokwa damu usiku hatakutana na wewe bingwa. Atakutana na kijana uliyemfundisha, au uliyemwacha ajaze karatasi asubuhi.

Mwenzako lakini hajakosea. Kisu kinasahaulika. Mimi kabla ya kusaini nilidai siku yangu ya upasuaji, Jumatano, iandikwe kwenye barua ya uteuzi. Mkuu wangu alicheka, kisha akaandika. Ahadi ya mdomo ingemezwa na kikao cha kwanza. Hata hivyo upasuaji wa fistula, tundu linalovujisha mkojo baada ya uzazi mgumu, niliuacha. Ule unataka mkono unaoufanya mara kwa mara, nikawa nawapeleka wagonjwa kwa mwenzangu. Iliniuma, sikufichi.

Maprofesa usiwaandikie memo. Nenda ofisini kwao kwa miguu yako, shikamoo kwanza, kiti ukikaribishwa, halafu toa orodha yenye tarehe. Mmoja aliniweka kwenye benchi dakika arobaini, na wiki hiyo hiyo akaleta matokeo. Mwingine hakuwahi kuyaleta kwa wakati mpaka nastaafu, nikazoea kumtajia tarehe ya wiki mbili kabla.

Posho hukuuliza, ila uliza. Barua yangu ilisema "kwa mujibu wa taratibu", na taratibu zilifika mwezi wa tano. Jumatano iwe aya ya kwanza, posho ya pili.