Begi au sanduku gumu kwa kinanda?

SWALI: Mhariri, ninapiga kinanda chenye vibonye 76 katika maonyesho ya kila wiki, na juzi nilikitoa katika begi langu jepesi nikakuta kitufe cha kuongezea sauti kimekatika. Je, ninunue sanduku gumu?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Ukikibeba mwenyewe, begi lenye sponji nene linatosha. Lakini kikipakiwa pamoja na spika, au kikikabidhiwa wapakiaji wa ndege, usikubali chochote pungufu ya sanduku gumu, ingawa kwa uzito wake utahitaji lenye magurudumu. Pima kinanda chenyewe, kwa kuwa vinanda vyenye idadi sawa ya vibonye hutofautiana urefu, kisha ulinganishe na vipimo vya ndani vya sanduku. Kikichezacheza humo, jaza sponji kwenye ncha zake, kamwe si juu ya vitufe.